Dola 55 Juu ya Tiketi: Unanunua Nini Kwenye Mkahawa wa Kulipia Melini?

Mama yangu amepika shughuli za Mji wa Kale, Mombasa, kwa zaidi ya miaka 30. Biriani ya watu 400 kwake ni kazi ya usiku mmoja. Akialikwa mahali haanzi kula papo hapo. Hutazama wali ulivyochambuka, hunusa mchuzi, ndipo akaosha mkono. Basi usiku wa pili wa safari yetu ya meli, siku saba kutoka Galveston, Texas, kwenda bandari tatu za Karibi, Roatán, Costa Maya na Cozumel, macho yangu yalikuwa kwake kuliko kwenye sahani yangu. Tulikuwa watatu, mimi, mke wangu na yeye, kwenye mkahawa wa Kiitaliano wa kulipia. Kitambaa cheupe, taa ndogo mezani, muziki wa chinichini. Akaonja samaki wa mchuzi wa nyanya, akaweka uma, akaniambia taratibu: "Mwanangu, samaki huyu ndiye yule wa jana."

Alisema kweli. Jana yake tulikula ukumbi mkuu wa meli, chakula ambacho kimo ndani ya tiketi, na samaki alikuwa wa aina ileile, amekatwa vilevile, na mchuzi wake wa nyanya na zeituni ulipishana na huu kwa majani mawili ya mrehani. Tofauti nyingine ilikuwa dola 55 kwa kila mtu, na asilimia 18 ya bakshishi iliyokwisha kuandikwa kwenye bili kabla hatujaketi.

Nimewahi kuwa upande wa pili wa meza hizi. Kabla ya kuhamia Houston nilifanya mikataba mitatu kwenye meli ya kampuni nyingine, kwanza msaidizi wa mhudumu ukumbi mkuu, kisha miezi ya mwisho kwenye mkahawa wa nyama wa kulipia. Ndugu na marafiki wanaoanza kusafiri kwa meli za kitalii huniuliza swali lilelile: mikahawa hii ina faida, au ni kuliwa pesa tu? Mimi huwajibu kwamba wengi hulipa wakidhani wananunua chakula bora, kumbe pale panauzwa vitu viwili: moto ulio karibu na meza yako, na mpishi unayeweza kumfikishia neno. Kuna vyakula visivyokuwa chochote bila vitu hivyo viwili. Na kuna vyakula, vingi kuliko watu wanavyofikiri, visivyovihitaji hata kidogo.

Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo watu hujidanganya. Kampuni kubwa za Marekani hutoza kati ya dola 40 na 70 hivi kwa mlo wa jioni kwenye mkahawa wa nyama. Juu yake Royal Caribbean huongeza asilimia 18, Norwegian asilimia 20. Sisi tulichukua kifurushi cha milo miwili kwa watu watatu: dola 330, ikawa dola 389 na senti 40. Mtu akiiona bei hiyo huilinganisha na mkahawa mzuri wa mjini na kusema si mbaya. Lakini mkahawa wa mjini hukuwa umeulipia kabla. Melini chakula cha jioni umeshakilipia pamoja na kitanda, na usipokwenda kukila hakuna anayekurudishia hata senti. Kwa hiyo dola 55 zile zinanunua tofauti peke yake, ile iliyopo kati ya sahani iliyo haki yako na sahani hii nyingine. Kwa samaki wa mama, tofauti ilikuwa majani mawili ya mrehani.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Mkahawa unaohesabiwa kuwa wa kwanza wa aina hii baharini ulifunguliwa mwaka 1905 kwenye meli ya Kijerumani iitwayo Amerika, ukiwa na jina la Ritz-Carlton. Titanic nayo, mwaka 1912, ilikuwa na wake kwa abiria wa daraja la kwanza, ukiendeshwa na Mwitaliano Luigi Gatti. Wafanyakazi wake, zaidi ya 60, walikuwa waajiriwa wa Gatti na si wa White Star, kampuni yenye meli, na katika wao waliookoka ni watatu tu. Kila nikiikumbuka habari hiyo nawawaza wenzangu wa sitaha za chini. Ila kwenye suala la pesa White Star ilikuwa na uungwana ambao leo umepotea. Abiria aliyeamua kula milo yake yote kwa Gatti alipunguziwa nauli, kwa kuwa chakula cha ukumbi mkuu hakukigusa. Leo sijui kampuni kubwa hata moja inayofanya hivyo. Unalipa huku, na huku umeshalipa.

Na si ajabu. Katika mapato ya Royal Caribbean ya mwaka 2023, karibu dola bilioni 13.9, kiasi cha theluthi moja hayakutoka kwenye tiketi. Yalitoka kwenye vinywaji, kamari, matembezi ya bandarini, intaneti na milo ya kulipia. Ndiyo maana siku ya kwanza, hata begi halijafika kabini, unakutana na kijana mwenye tabasamu na kompyuta kibao mkononi akikuuliza kama umeshaweka nafasi ya chakula cha jioni.

Sasa nieleze kinachotokea kwa kipande cha nyama, kwa sababu hapo ndipo mkahawa wa kulipia unapopata uhalali wake.

Ukumbi mkuu wa kizamani hula kwa zamu mbili, kama saa 11:30 jioni na saa 2 usiku, na kila zamu ni mamia ya watu wanaoketi kwa pamoja na kuagiza ndani ya robo saa ileile. Meli za sasa ni miji. Icon of the Seas, iliyoanza safari mwaka 2024, ikijaa hubeba abiria 7,600. Kwa umati kama huo, jikoni hakuna anayesubiri uagize ndipo aweke nyama motoni. Hupitishwa motoni mapema, hupangwa kwenye trei, humaliziwa kwenye oveni kwa makundi. Mimi nilikuwa nasimama kwenye foleni na wenzangu mbele ya kaunta ya moto. Napewa sahani, naifunika kwa kifuniko, juu yake nyingine, juu yake nyingine, hadi kumi au kumi na mbili zimepangana kwenye trei moja. Naibeba begani, natoka kwenye mlango wa jikoni huku nikipishana na wanaorudi, naishusha kwenye meza ya pembeni, nagawa moja moja. Kutoka motoni hadi kwenye uma wa mgeni ni dakika kumi, na usiku wa vurugu ni kumi na tano. Muda wote huo mvuke umefungiwa chini ya kifuniko, unarudi juu ya nyama. Lile ganda la kahawia lililokaukia vizuri linalainika. Maji mekundu yanatoka chini ya nyama na kuingia kwenye viazi. Mgeni aliyeagiza nyama iliyoiva nusu anaikuta imeiva yote, imemalizikia njiani begani mwangu. Nimerudisha jikoni sahani nyingi za namna hiyo, na mpishi hakuwa na kosa.

Nilipohamishiwa mkahawa wa kulipia, jiko lilikuwa hatua kama ishirini kutoka meza ya mbali kabisa. Oda inaingia, kipande kinawekwa, kinatoka, kinapumzishwa kidogo, nami naondoka na sahani mbili, moja kila mkono, bila kifuniko. Nyama nayo ilikuwa ya daraja la juu zaidi, sikatai. Lakini ningepewa nyama ya ukumbi mkuu na jiko lile, wageni wangefurahi vilevile. Na nyama ile ya daraja la juu ukiifunika na kuibeba robo saa, haimsaidii mtu.

Mama hajawahi kufanya kazi melini, na kanuni hii anaijua tangu msichana. Kwake kuna chakula cha sufuria na chakula cha karai. Pilau, biriani, maharage, mchuzi wa nyama, hivyo ni vya sufuria: kadri inavyokuwa kubwa ndivyo kinavyonoga, na ukishapalia makaa juu ya kifuniko, kule kusubiri ni sehemu ya mapishi. Viazi karai, bhajia, mishikaki, kaimati ni vya karai. Havisubiri mtu. Mwenye harusi akimwomba awapikie wageni 400 mishikaki ya kugawiwa mezani, hukataa kazi hiyo na kumwambia aweke majiko uani, watu wapange foleni wenyewe.

Ukiisoma menyu ya meli kwa jicho hilo, maamuzi yanakuwa mepesi. Mkahawa wa nyama ya kubanika ni wa karai, lipa ukitaka. Meza za Kijapani ambapo mpishi anapika mbele yako kwenye bamba la chuma, ni za karai. Sushi haipiti motoni, lakini nayo haisubiri: wali ukikaa unakuwa mgumu na samaki anapoteza ubichi wake. Kamba kochi na samaki mzima wa kubanika, karai kabisa. Kwa upande wa pili weka Kiitaliano karibu chote, kwa sababu mchuzi wa nyanya, lasanya na nyama ya kuchemshwa polepole hutoka vizuri sana kwenye sufuria ya watu elfu. Weka supu zote. Weka mapishi ya Kihindi, ambayo kwenye ukumbi mkuu wa meli nyingi ni mazuri kuliko kitu kingine chochote, kwa kuwa jikoni wamejaa Wahindi wanaopika vyakula vya kwao. Mimi nikiwa kazini, zilipobaki dengu na wali wa jira baada ya zamu ya pili, tulikuwa tunagombania.

Halafu kuna kundi la tatu, ambalo hapa nalitaja kwa haraka: maonyesho. Icon ina mkahawa wa jazi wenye mlo wa sahani nane, ulioanza kuuzwa hadi karibu dola 200 kwa mtu. Huko unalipia usiku, wanamuziki na mavazi. Anayependa aende, lakini asiuhesabu kama chakula.

Usiku wa tano tulikwenda kwenye mlo wetu wa pili, mkahawa wa nyama na samaki wa kubanika. Sikuwa na hamu tena, nilikwenda kwa sababu pesa zilishatoka. Sisi hatuli nyama tusiyojua ilivyochinjwa, kwa hiyo ile nyama inayosifiwa na kila mtu haikuwa yetu. Tukabaki na samaki. Mke wangu akauliza kama anabanikwa pamoja na nyama nyingine. Ukumbi mkuu swali kama hilo huchukuliwa na msimamizi na jibu lake huja kesho. Hapa mhudumu aligeuka tu akaingia jikoni, na kabla mkate haujafika mpishi mwenyewe akatoka, kijana wa Goa, akifuta mikono kwenye aproni. Akainama kumsikiliza mama. Mama alisema naye kwa Kiswahili, mimi nikatafsiri: kikaango safi ambacho hakijagusa nyama, mafuta mapya, siagi isizidi, ngozi iachwe, ndimu ikamuliwe mwisho na si mwanzo. Kijana akacheka kwa furaha na kusema mama yake kule nyumbani humwambia hivyohivyo kuhusu ndimu.

Samaki alikuja mzima. Ngozi ilikuwa imekauka hadi inalia chini ya kisu, na ndani nyama nyeupe inateleza kutoka kwenye mfupa, bado ina maji yake. Mama hakutazama wala kunusa. Alianza kula.

Kwa mlo ule sijutii hata senti, na ningelipa tena kesho. Ule wa Kiitaliano naujutia hadi leo. Kifurushi kilikuwa kimoja, bei moja, meli moja.

Hapa niwaambie wenzangu Waislamu jambo moja. Kampuni kadhaa hupokea ombi la chakula cha halali likitumwa wiki kadhaa kabla ya safari. Sisi tulilituma. Aliyetuuzia kifurushi alituhakikishia kuwa ombi letu litatufuata kila mkahawa. Kwenye Kiitaliano hakuna aliyekuwa na habari nalo, na tulipoomba kurudishiwa pesa tuliambiwa kifurushi kikishatumika mara moja hakirudishwi. Kwa hiyo usilipie mkahawa kwa maneno ya muuzaji. Nenda mchana, mlangoni kwa mkahawa wenyewe, uongee na msimamizi wake, umwone akiandika. Na kama mkahawa umejengwa juu ya nyama ambayo hutaila, tambua kwamba utalipa bei ya nyama ule samaki na saladi.

Kuna jambo linaloniuma kuliko hayo yote. Kwamba kampuni inauza mlo wa ziada sitaha ya juu, sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni pale tozo hizo zinaposhuka kutoka huko juu na kuingia ukumbi mkuu. Nilipoanza kazi, menyu ya ukumbi mkuu haikuwa na tarakimu hata moja. Siku hizi Royal Caribbean humpa abiria mkia mmoja wa kamba kochi usiku wake, na wa pili anaulipia. Carnival ilianza kutoza dola 5 kwa anayeagiza mlo mkuu wa tatu. Kwenye kampuni kadhaa menyu ya ukumbi mkuu ina kona ya nyama nzuri zenye bei zake pembeni. Kwa jicho la mhasibu ni vitu vidogo, na najua chakula kingi hutupwa. Nimekitupa kwa mikono yangu. Lakini mgeni aliyekwisha lipa akiona bei mezani kwake, anaanza kuhisi kwamba sahani iliyo mbele yake ni ya pili kwa ubora, hata kama si kweli. Hisia hiyo humpandisha sitaha ya juu kwenda kulipa, na sahani ya chini haihitaji kuharibika ili hilo litokee.

Na hoja ya kwamba mikahawa midogo haiwezekani bila kutoza zaidi haisimami. Virgin Voyages, ambayo meli yake ya kwanza, Scarlet Lady, ilianza kuchukua abiria mwaka 2021, haina bafe wala ukumbi mkuu. Ina mahali pa kula zaidi ya 20, mkahawa wa nyama ukiwemo, vyote ndani ya tiketi. Oceania nayo mikahawa yake maalumu haina tozo. Tiketi zao ni ghali zaidi, ndiyo. Lakini unaiona bei yote ukiwa bado nyumbani, na unaweza kusema hapana.

Kuhusu bakshishi, wengi wananiuliza kama wanaweza kuiondoa ile asilimia 18, kwa sababu tayari wanatozwa bakshishi ya kila siku, kati ya dola 16 na 20 kwa mtu kwenye kampuni nyingi kubwa, na inawahusu wahudumu wa ukumbi mkuu ambao usiku huo hawakuwahudumia. Hesabu yao ni sahihi na sitaitetea kampuni. Ila msiwaondolee vijana. Zamani wageni walitukabidhi bahasha mkononi usiku wa mwisho, na kwenye bahasha zile ndimo mlimokuwa na karo ya wadogo zangu. Mshahara wenyewe ulikuwa mdogo, na sehemu kubwa ya tulichopeleka nyumbani kilikuwa bakshishi. Vijana wetu wa pwani wapo kwenye meli hizi leo. Kama bei na tozo vinakukera, usiweke nafasi. Hapo ujumbe unakwenda kwa mwenye meli.

Ukiamua kulipa, lipa mchana. Siku ambazo meli haifiki bandari, baadhi ya mikahawa ya nyama hufungua kwa chakula cha mchana, mara nyingi kwa karibu nusu ya bei ya jioni, jiko lilelile, mpishi yuleyule, na watu wachache. Kifurushi cha kula bila kikomo sikipendekezi kwa mtu yeyote isipokuwa anayesafiri kwa ajili ya kula tu, kwa sababu kila mlo wa jioni humeza saa mbili, na ukishanunua unajilazimisha.

Kujilazimisha huko kuna gharama nyingine. Pale Roatán tulikula samaki mzima wa kukaanga na ndizi mbichi za kukaanga, kibandani, karai liko mbele yetu, kwa pesa ndogo kuliko mlo wowote wa kulipia melini. Pembeni yetu mume na mke walikuwa wanaangalia saa, wana nafasi waliyoilipia sitaha ya juu na hawakutaka kushiba. Nikakumbuka watalii wa meli wanaoshuka Unguja. Wengi hurudi melini jioni, wakati Forodhani ndiyo kwanza majiko yanawashwa. Moto uko hatua mbili, mpishi anakuuliza pilipili kiasi gani, na bado mtu anawahi dola 55 zake.

Usiku wa mwisho tulirudi ukumbi mkuu, meza ileile, kwa mhudumu yuleyule wa Surabaya, Indonesia, aliyekwisha kujua kuwa mama hanywi maji ya barafu. Alituletea dengu za Kihindi, nzito, zimekaa motoni tangu asubuhi, juu yake kitunguu kilichokaangwa hadi kikawa cheusi pembeni. Mama alichota kijiko, akafumba macho, akasema hawa watu wanaijua sufuria kubwa. Kisha akaomba sahani ya pili, ikaja, na hakuna aliyeleta bili.